Vita vya Fundi Cherehani na Kitabu cha Inchi Mbili Kasoro Robo

Njooni, enyi mlioketi na mliosimama, wenye miwani na msio nayo, punguzeni redio mtege masikio, kwa maana nawasimulia vita alivyopigana fundi cherehani mmoja, jemadari wa sindano, bwana wa mkasi, mwenye futi shingoni mfano wa nishani, alipokabiliana na kitabu cha kurasa mia sita na kumi na mbili. Nawe ulimi wangu, nisaidie, wala usitie chumvi kuliko inavyohitajika.

Shujaa huyu alikuwa ameitazama filamu ya kitabu hicho mara tisa. Kila mteja aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka na suruali pamoja na kisa chote cha joka na mfalme asiye na taji, atake asitake. Ndipo binti yake, mwalimu wa mji wa mbali, akamletea kitabu chenyewe, nakala yake ya tangu shuleni, akamwambia, "Soma, baba, halafu tuzungumze." Kwa maana tangu binti ahame, maongezi yao ya simu yalikuwa yamesinyaa, yamebaki salamu na habari za mvua, na jambo hilo lilimuuma sana fundi.

Lakini shujaa akaupima unene wa adui kwa futi, akaona inchi mbili kasoro robo, moyo ukaingia baridi. Akakitia kitabu chini ya mguu mfupi wa meza ya kukatia. Binti alipouliza habari za kitabu, fundi alijibu kwa filamu, na mambo yakaenda vizuri mpaka Jumanne moja.

"Na yule fundi aliyeshona joho la mfalme," binti akauliza, "umemwonaje?"

Fundi? Ndani ya filamu hapakuwa na fundi hata wa kutia kifungo. Lakini jemadari harudi nyuma.

"Ah, mwanangu! Alipigana kiume! Alipokufa nililia machozi."

"Baba, yule fundi hafi. Wala hajashika upanga." Kisha akasema taratibu, "Nakuja Jumapili. Na kitabu usijisumbue, si lazima."

Si lazima! Fundi angeona afadhali kutukanwa. Alikivuta kitabu kutoka chini ya meza, akakipangusa vumbi, akasimama mbele ya mkewe akahutubia.

"Ewe mwenzangu wa miaka thelathini, funga mlango! Watangazie wateja kwamba jemadari ameingia vitani, na hatatoka ila na ushindi mkononi!"

"Atatoka na suruali ya bwana harusi," mkewe akajibu. "Anaoa Jumamosi. Na hiyo meza sasa inayumba."

Basi vita vikaanza. Jumatano aliteka robo inchi. Alhamisi ukoo wa mfalme ulimvamia kwa majina arobaini, naye akaunguruma, "Kwenye filamu huyu hakuwa na mjomba hata mmoja!" Alisinzia, akaamka, akapima tena, akaona amerudi nyuma kurasa sita. Mguu wa kushoto wa suruali ya bwana harusi ulishonwa mara mbili, maana mara ya kwanza ulifungwa chini kama mfuko.

Ijumaa, saa nne asubuhi, ukurasa wa mia tatu themanini na nane, akatokea fundi. Mzee mwenye macho mabovu, anayebana pini mdomoni anapofikiri, ndiye aliyelishona lile joho lisilopenywa na moto wa joka, joho ambalo kwenye filamu lilitolewa tu sandukuni bila maelezo.

"Wamemkata!" shujaa akapiga kelele, na pini zikamtoka mdomoni. "Mara tisa nimetazama, mara tisa wamenificha fundi mwenzangu!"

Ndipo akaona maandishi pembeni, ya penseli iliyofifia, mwandiko wa mtoto wa shule: *Huyu ni baba.*

Jemadari akaketi. Akalia kweli safari hii, na mkewe akamletea chai bila kuuliza.

Jumapili binti alipoingia, hata mkoba hakuutua.

"Mwandishi wako hajui kitu!" baba akamvaa. "Joho la mikono mipana namna ile halitoki kwenye dhiraa nne! Na mjomba wa tatu wa mfalme ni mnafiki, nilimtilia shaka toka mwanzo!"

"Mjomba wa tatu? Baba, yule ndiye mwema kuliko wote!"

Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mvua ikanyesha asiitaje mtu. Binti akakifungua kitabu amwonyeshe baba ushahidi, kikafunguka chenyewe pale kilipozoea kufunguliwa. Akainama asome. Na wajue wote watakaokuja baada yetu kwamba siku hiyo, chini ya penseli ya mtoto, palisomeka neno moja la chaki ya kukatia nguo: *Nimefika.*