Waraka wa Mikanda

"Inatangazwa kwa wakulima, wavuvi na wafanyakazi wote kwamba ofisi ya kata haina mgonjwa. Waliokuwapo wamekwisha."

Ndivyo ulivyoanza waraka uliobandikwa kwenye mlango wa ofisi moja ya kata pale Ujiji, mwaka wa themanini na nane. Chini yake ilikaa sahihi pana ya Ndugu Nikodemu, Katibu Tarafa, imetanda kama mkeka wa wageni. Honorata, mjane wa Elieza, aliusoma wote, kidole juu ya kila neno. Masista walimfikisha darasa la nne, na mtu wa darasa la nne haparazi waraka. Huusoma mpaka muhuri.

Waraka ulieleza kuwa watumishi waliofariki tangu Januari wamefariki kwa malaria. Maneno ya sokoni juu ya ugonjwa wa kukonda ni uzushi wa maadui wa Ujamaa. Kwa hiyo, ili kuwanyamazisha maadui hao, ni marufuku mtumishi kukonda. Kila Jumatatu mikanda itakaguliwa, na atakayekutwa ametoboa tundu jipya atajieleza kwa maandishi, nakala tatu. Aidha, hakuna mtumishi atakayeruhusiwa kufariki kabla ya kukabidhi ofisi.

"Hilo la mwisho ni jema," Honorata alimwambia Mwanne, jirani yake muuza mawese. "Wamechelewa kulileta tu."

Alikuwa na sababu. Elieza alipokufa, naye kwa malaria kwa mujibu wa karatasi, ndugu zake walikaa wakaamua: mjane akileta barua ya Serikali kwamba nyumba ni yake, abaki kwa amani. Pasaka ikipita bila barua, shemeji Antoni ahame Simbo na godoro lake, arithi nyumba pamoja na aliyemo. Antoni alikwisha kuja mara mbili kupima kama godoro litapita mlangoni.

Fomu ya barua ile ilitaka sahihi tatu: ya kupokea, ya kuthibitisha na ya kuidhinisha. Kati ya sahihi na sahihi zipite siku thelathini, na zote ziwe za mkono mmoja, kuzuia udanganyifu. Afisa wa kwanza alitia ya kupokea, akafa. Wa pili alitia mbili, akafa. Kila afisa akifa, fomu huanza upya, maana mkono umebadilika.

"Shoga," alisema Mwanne, "safari hii muombe Mungu akupe afisa mnene."

Mungu akasikia. Akaletwa Ndugu Feliksi wa Mwandiga, mtu ambaye kiti cha ofisi kilimlalamikia. Mkanda wake ulifungwa tundu la mwisho, tena kwa kulazimishwa. Honorata alipomwona alipiga ishara ya msalaba. Huyu, alijisemea, hata akipungua nusu, sahihi tatu zinatoka.

Ya kwanza ilitoka siku ileile. Tangu hapo akawa anampelekea dagaa wa kukaanga kila Jumanne na Ijumaa.

"Dagaa hawa wa nini, mama?"

"Wa kukuimarisha, Ndugu. Kula. Taifa linakutegemea."

Feliksi alicheka hadi meza ikatikisika. Siku ya thelathini akatia ya pili. Lakini wiki iliyofuata alivaa mashati mawili, na iliyofuata tena akaongeza koti, na jua la Ujiji lile la kukausha dagaa kabla ya saa sita. Honorata hakuuliza. Elieza naye alianza na mashati mawili. Honorata akaacha dagaa, akaleta uji wa ulezi, na jioni rozari yake ikawa na jina jipya.

"Bado siku ngapi, mama?" Feliksi aliuliza, sauti imebaki ndogo.

"Tatu. Alhamisi."

"Nitajikaza mpaka Alhamisi."

Alijikaza. Alifariki Jumatano, na Pasaka ilikuwa Jumapili.

Alizikwa Alhamisi. Ndugu Nikodemu alikuja na suti yake ya Kaunda, akasoma historia ya marehemu: kuzaliwa, kipaimara, kadi ya Chama, malaria. Waombolezaji walitazama chini. "Pengo lake," akamaliza kwa kishindo, "nalirithi mimi mwenyewe, nikikaimu nafasi yake tangu leo!"

Kisha katekista Zefania akasema yale yasemwayo kila msiba, kabla ya jeneza kushushwa: "Anayemdai marehemu ajitokeze sasa. Mrithi atajibu. Atakayenyamaza hapa asije kumsumbua mjane wa marehemu."

Honorata akasimama.

"Mimi namdai."

"Unadai nini, mama?"

"Sahihi moja. Ya tatu."

Mtu alikohoa kuzuia kicheko. Nikodemu alipandisha mabega. "Mama, madai ya kiofisi yapelekwe ofisini."

"Ofisini kwa nani?" akauliza Khamisi mvuvi kutoka nyuma. "Ofisi si ndiyo hii tunaizika? Na mimi namdai kibali cha wavu."

"Na mimi cheti cha mtoto!"

"Mrithi ajibu!"

Foleni ikajipanga yenyewe kando ya kaburi, kwa adabu, kama ya sukari. Katekista akamtazama Nikodemu. Jeneza haliwezi kushuka na madai juu yake, na hilo hata Katibu Tarafa alilijua.

"Lete," akasema.

Meza haikuwapo. Shemeji Antoni, aliyekuja msibani ili tu kuhakikisha kuwa afisa amekufa kweli, ndiye aliyekuwa karibu. Wakamwinamisha, fomu ambayo Honorata alikuja nayo pindoni ikawekwa mgongoni pake. Nikodemu naye akainama. Suti ya Kaunda ikapanda.

Honorata akauona mkanda. Ulikuwa umezunguka kiuno, ukapitiliza, ncha yake ikafika mgongoni. Matundu mapya matano, ya msumari, hayakukaa hata kwenye mstari.

Upesi akakunjua kanga yake, akamkinga na macho ya watu kama anayekinga karatasi na upepo.

"Zote tatu, Ndugu," akanong'ona. "Leo."

"Mkono umebadilika, mama. Kanuni inasema siku thelathini, kisha—"

"Kanuni naijua. Na mkanda nimeuona."

Nikodemu akashika kalamu vizuri. Akatia ya kwanza, ya pili na ya tatu.

"Kalamu inanichoma!" akalalamika Antoni kutoka chini.

"Vumilia, shemeji. Tunamaliza."

Nikodemu akashusha suti yake. Bila kumtazama akauliza, "Elieza... aliposhindwa kula, ulimpa nini?"

"Uji wa ulezi. Nitakuletea Jumanne."

Wakashusha jeneza.

Baada ya Pasaka waraka mpya ulibandikwa mlangoni. Ukaguzi wa mikanda umefutwa, kwa kuwa binadamu wote ni sawa na viuno vyao kadhalika. Watumishi watavaa makoti, jua au mvua. Yatokanayo na malaria yatajadiliwa kikao kijacho.

Honorata, aliyekuwa akipita na chungu cha uji kichwani, alisimama akausoma wote, kidole juu ya kila neno, mpaka chini. Muhuri ulikuwa mahali pake. Sahihi ilikuwa nyembamba.