Bibi Gunia Akuna Nazi

Jumatatu, 18 Julai 1983
Mji mzima wa Mahajanga hakuna kichwa kama changu. Shule niliiacha mwenyewe. Mwalimu anadai shule ndiyo iliyoniacha, lakini nani anamsikiliza? Koko Hadidja, bibi yangu, kafika toka kisiwa cha Nosy Be kwa harusi ya dada Nadjma. Magoti yamegoma. Hawezi tena kukalia mbuzi, na Ijumaa wanawake wote wanakuna nazi pamoja uani. Mama kasema basi apumzike chumbani. Koko alilia kidogo, akasingizia kitunguu. Kitunguu hakikuwepo. Nitamtengenezea mbuzi ya kusimamia!

Jumanne, 19 Julai
Karatasi ya Kifaransa iliyofungia karanga zangu inasema: kabla ya kuunda chombo, kwanza igiza kitakavyotumiwa. Nusu ya chini imelowa mafuta, haisomeki. Nusu yanitosha. Nimejaza gunia sufi, nikalivika saluva, nguo ya kike ya kujifunga, nikalitia mikono ya kamba. Urefu wa Koko niliupima kwa uzi alipolala mchana. Mbuzi yenyewe ya boksi. Bibi Gunia kakuna nazi ishirini za kuwazia, mgongo haukumuuma. Shangazi Kouraichia alipita, akamwamkia, akanuna kwa kutojibiwa.

Jumatano, 20 Julai
Chaïbou, seremala wa jirani, rika langu ila anatembea na futi mfukoni kama waziri. Kauliza kwa nini nisimuulize Koko mwenyewe. Nilicheka hadi nikakohoa. Bibi wa kupimia ninaye, tena hana maneno mengi! Kanikatia mbao huku anaguna.

Ijumaa, 22 Julai
Inafanya kazi! Koko wima, nazi inamwagika nyeupe, magoti kimya. Chini mkekani wanawake wanamchambua bwana harusi, wanacheka mpaka wanalaliana. Koko yuko juu peke yake kama muadhini. Kila mara anainama: nani huyo? Kasemaje? Hakuna anayemsikia. Nazi ya tatu akaiweka chini. Nikamuuliza mbuzi ina kasoro gani.
"Haina kasoro, mwanangu. Mimi nilitaka kukaa na wenzangu."
Akaingia chumbani. Safari hii hakusingizia kitunguu.

Jumamosi, 23 Julai
Nazi hazikutosha, asubuhi wakakuna tena. Chaïbou kaja na msumeno, kakata miguu ya mbuzi yangu hadi usawa wa kiti. Shangazi Kouraichia kawainua wanawake wote mkekani, kawaketisha kwenye mabenchi, Koko katikati. Koko kakuna, kasimulia mambo ya usiku wa harusi yake hadi Nadjma akajifunika uso. Sifa zote kwa Chaïbou. Kwa kukata! Hata panya anakata.

Lakini humu hasomi mtu, basi nakiri. Kosa lilikuwa moja, na ni langu: Bibi Gunia sikumtia masikio. Kesho namshonea mawili.