Kiti Nyuma ya Nguzo

Jumatatu, 6 Mei

Nimekabidhiwa jukumu! Mimi, fundi miwani, ambaye mwaka mzima sikuaminiwa hata kununua balbu.

Jumamosi saa tisa alasiri Kitinda anapanda jukwaani kwenye ukumbi mkubwa wa maigizo. Kitinda ni mdogo wa mwisho wa mke wangu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuwa mhusika mkuu. Ni mjane anayegundua, siku ya mazishi, kwamba marehemu alikuwa na familia nyingine mbili. Wiki hii analala kwetu. Anafanyia mazoezi jikoni, huku meza ikiwa ndiyo jeneza. Mimi niko sebuleni nyuma ya ukuta. Maneno yake yote nayajua sasa. Nikipiga mswaki namlilia marehemu.

Mama mkwe anakuja Ijumaa. Kwa miaka minne amekuwa akisema kuigiza ni kazi ya watu waliokosa kazi. Amekubali kuja mara moja tu. Asiporidhika, Kitinda anarudi chuoni kusomea ukarani. Ndivyo walivyokubaliana. Maskini Kitinda hali, anatafuna kucha.

Mke wangu amenipa elfu arobaini na tano. Tiketi tatu za viti vya kati, elfu kumi na tano kila kimoja. Vya kati, akasema. Vya kati, akarudia. Mara ya tatu alinishika kola.

Nimemwambia asihofu. Suala la kuona ndiyo fani yangu.

Jumanne, 7 Mei

Nilifika dirisha la tiketi saa mbili asubuhi. Linafunguliwa saa nne. Sikujali, nilitumia muda huo kusoma ramani ya viti iliyobandikwa ukutani. Mbele kabisa, elfu thelathini. Kati, kumi na tano. Roshani, sita. Wizi mtupu! Elfu thelathini, na pazia likifungwa kiti chenyewe unakiacha.

Mwuza tiketi, ambaye kuanzia leo nitamwita Bibi Dirisha, alikuwa na miwani iliyolegea inayoteleza puani. Niliikaza papo hapo, bure, kwa bisibisi yangu ya mfukoni, nikitarajia fadhila. Alishukuru sana. Kisha akataja bei ileile.

Nikamwuliza kama hakuna kitu cha chini ya elfu sita. Akasita. Akasema vipo viti vitatu roshani, safu ya mwisho, elfu tatu tatu, ila hawapendi kuviuza kwa sababu ya nguzo. Nikauliza nguzo ina unene gani. Akasema ukiikumbatia vidole havikutani.

Nguzo ni suala la shingo tu! Nikalipa elfu tisa. Tiketi zangu zimegongwa muhuri mwekundu: NGUZO. Nimebaki na elfu thelathini na sita na furaha isiyo na kipimo.

Maana hatutakaa hapo. Nimefikiri mbali. Taa zikizimwa, tunashuka kimyakimya na kukaa kwenye viti vizuri vilivyobaki wazi. Viti vitupu havikosekani. Matajiri hawaji, au wanachelewa, au wanaumwa tumbo.

Nimemwambia mke wangu kila kitu kimekaa sawa.

Jumatano, 8 Mei

Mwanyumba kaja dukani. Huyu ni mume wa dada yake mke wangu, anauza rangi za nyumba, na kila kitu chake lazima kiwe cha kwanza. Alidai kioo cha miwani yake kinacheza. Hakikucheza hata kidogo. Alitaka nizione tiketi zake, zilizochomoza kwenye mfuko wa shati kama maua. Safu ya mbele, namba saba hadi kumi! Kwake, kwa mkewe na kwa mabinti wao wawili.

Kisha akanikata maini. Akasema binti mmoja anaweza kupakatwa, na Mama mkwe akakae pale mbele kando yake, kuliko kumsumbua na hayo mambo yangu ya kubana matumizi.

Hapana! Mama mkwe ni mgeni wangu.

Nikavaa uso wa daktari. Nikamweleza kitaalamu kuhusu safu ya mbele. Shingo inakunjwa kwa saa mbili. Mate ya waigizaji. Vumbi la jukwaa, ambalo kwa macho kama yake ni hatari. Na unachokiona hasa ni viatu. Nikamwambia wajuzi wote hukaa katikati. Akaondoka akijipapasa shingo. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya maandalizi. Mambo mawili.

La kwanza, koti. Mhudumu wa ukumbi hawezi kumwinua mtu aliyevaa vizuri. Nimepata koti la mtumba, jeusi, refu hadi magotini, vifungo vya kung'aa, kwa elfu thelathini. Mwuzaji alisema huenda lilikuwa la balozi. Linanibana kwapani, lakini mabalozi hawainui mikono.

La pili, darubini. Mama mkwe macho yake si ya jana, na huenda tukakaa roshani dakika chache kabla ya kushuka. Nimechukua lenzi mbili dukani na kipande cha bomba la plastiki, nikaunganisha. Nikamwangalia mwuza viatu wa ng'ambo ya barabara. Ajabu! Nilihesabu hadi vishikizo vya shati lake. Dosari ni moja tu: alikuwa amesimama kwa kichwa, na duka lake, na barabara nzima.

Nimegeuza lenzi. Nimegeuza bomba. Nimejigeuza mimi. Bado juu chini. Si neno, mtu huzoea.

Jikoni Kitinda amekwama tena pale pale, kwenye maneno ya kumuaga marehemu. Amelia machozi ya kweli. Mke wangu kamwambia apumzike. Mimi nikatoa kichwa mlangoni nikamtajia mstari wote. Akanirushia kitambaa cha vyombo.

Ijumaa, 10 Mei

Mama mkwe amefika. Alikaa, akanywa chai, akamtazama Kitinda kutoka juu hadi chini, akasema amekonda. Akaongeza kwamba makarani hawakondi. Kitinda akaenda kutafuna kucha chumbani.

Jioni Mwanyumba akaja kumsalimu Mama, na mbele ya watu wote akanishika mkono kunishukuru! Alinisikiliza. Amerudisha tiketi nne za mbele, amepewa za kati, na amerudishiwa elfu sitini juu. Ushauri wangu umemwingizia elfu sitini! Nilitabasamu kwa shida, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Kisha nikawaza. Safu ya mbele, namba saba hadi kumi. Viti vinne vitupu! Nani anunue tiketi ya elfu thelathini Ijumaa jioni? Sasa najua tunashukia wapi. Wakati mwingine najiogopa.

Mke wangu amelipiga koti langu brashi, hata mifuko ameisafisha. Alitoka kidogo baada ya hapo, akasema anakwenda mara moja tu. Karudi mtulivu sana, anaimba chini chini. Koti limemvutia, nadhani.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, nimeegemea ukuta, kwa sababu mgongo wa koti umechanika na sitaki watu waone.

Saa nane na nusu mke wangu alisema nitangulie ndani, wao watakuja polepole kwa sababu ya miguu ya Mama. Nikapanda roshani. Nguzo ile si nguzo, ni chumba. Ukiinama kushoto unaona mlango wa dharura. Ukiinama kulia unaona sikio la jirani.

Nikasubiri. Kengele ya kwanza. Ya pili. Hawaji. Nikatoa darubini, nikatoa kichwa kando ya nguzo, nikamulika viti vya mbele kuangalia kama viko wazi. Namba tisa, kitupu. Namba kumi, kitupu. Namba nane, mke wangu, juu chini. Namba saba, Mama mkwe, juu chini, anajipepea.

Nikashusha darubini, nikatazama kwa macho yangu. Ni wao. Ndipo nikakumbuka mifuko ya koti iliyosafishwa, na tiketi zangu zenye muhuri mwekundu zilizokuwa ndani. Mke wangu alikuwa amenunua mbili za mbele kwa pesa zake za ususi. Mbili! Si tatu!

Basi nikapiga moyo konde. Tisa na kumi viko wazi. Taa zikazimwa. Nikashuka ngazi za pembeni, nikiwa nimekiinua kichwa kama balozi. Chini kuna milango miwili, na giza. Nikasimama kuchagua. Mara tochi ikanimulika koti, kutoka vifungo hadi magotini.

"Wewe!" mwenye tochi akanong'ona kwa hasira. "Mnaanza mazishi, wewe ndiyo unafika? Pita huku!"

Nikataka kueleza. Akanisukuma mlango wa kulia. Nikapita kwenye kamba, nikapita kando ya mti wa mbao, nikasikia koti likipasuka mgongoni, nikafuata mwanga. Mwanga ukawa mkali mno.

Mbele yangu jeneza. Kando yake watu sita wenye nguo nyeusi, wote wamenitolea macho. Katikati yao Kitinda, ameshika leso.

Sijui ni muda gani nilisimama. Nilichofikiri ni kwamba Kitinda anarudi ukaranini na mimi ndiye niliyempeleka.

Kitinda alinitazama. Kisha akavuta pumzi, akanisogelea.

"Na wewe," akasema kwa sauti iliyofika roshani, "ni ndugu wa mke wa pili, au wa tatu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikajibu kitu pekee kilichonijia.

"Nimekuja kukaa tu."

Kicheko tena! Akanionyesha kiti cha mbao kando ya jeneza. "Basi keti. Marehemu naye hakuzoea kusimama na mtu."

Toka safu ya mbele nikasikia sauti ya Mama mkwe, wazi kama kengele: "He! Huyo si mkwe wetu?"

Basi nikakaa. Hatua mbili kutoka kwa mhusika mkuu. Hakuna kiti cha karibu zaidi katika jengo lile, na sikulipia hata senti. Ila nilikuwa nyuma yake. Mchezo mzima niliona kisogo cha Kitinda.

Na mikono yake. Alikuwa ameiweka nyuma, watu wasione, na inatetemeka kama ina homa. Akafika kwenye maneno ya kumuaga marehemu. Pale pale. Akanyamaza. Watu wakadhani ni huzuni. Mimi nikaiona ile mikono ikikunja leso, ikiikunja tena, na nikajua amepotea.

Nikainama kama mtu anayelia, nikasema kwenye viganja vyangu: "Nyumba ulinijengea moja..."

"Nyumba ulinijengea moja," akasema Kitinda, polepole, "na funguo ukagawa tatu." Sauti yake ikapanda. Hakukwama tena. Mikono ikatulia. Alipomaliza, ukumbi ulilipuka kwa makofi, na nikamwona Mama mkwe amesimama peke yake safu ya mbele, analia, na pipi mdomoni.

Nami nililia kidogo. Koti lilikuwa linabana.

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe ameondoka. Kabla ya kuondoka alimshika Kitinda mashavu yote mawili, akasema kazi aliyoiona jana si ya mtu aliyekosa kazi. Akamwambia aache kutafuna kucha, maana mjane wa mume mwenye nyumba mbili hatafuni kucha. Tatu, Mama, Kitinda akamrekebisha. Wakacheka hadi wakashikiliana.

Kitinda kanikumbatia jikoni. Kasema bila mimi angezimia. Kisha kasema nikitokea tena jukwaani ataniua kweli, na jeneza analo.

Mwelekezi wa mchezo ametuma ujumbe. Watu wanauliza yule mtu wa koti atarudi lini. Nilivimba kichwa kwa dakika tano. Halafu mke wangu akaketi mbele yangu, akaweka tiketi tatu zenye muhuri mwekundu mezani. Nilijitetea. Nikasema mimi ndiye niliyewafungulia zile nafasi safu ya mbele, kwa ushauri wangu. Akazipanga zile tiketi safu moja. Nikasema basi yaishe. Nikaapa, mkono juu, mshono wa kwapa wa koti, ambalo nilikuwa nimelivaa tena, ukapasuka, kwamba kuanzia leo nitanunua tiketi ya haki, kwa bei ya haki, dirishani, kama watu.

Akaniuliza kama nimejifunza. Nikasema nimejifunza sana.

Jumatatu, 13 Mei

Nimejifunza sana! Usiku kucha nilikuwa nawaza. Kosa langu halikuwa kupita mlango wa waigizaji. Kosa langu lilikuwa kupita bila kujipanga.

Mchana Mwanyumba kaja dukani, safari hii kwa adabu. Mwezi ujao okestra inatumbuiza kwenye ukumbi uleule, viti vya kati elfu ishirini, na mke wangu na dada yake wamekwisha kusema wanataka kwenda. Aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye akili ya mambo haya, kama kuna njia. Nikamwuliza wapiga muziki ni wangapi. Akasema zaidi ya arobaini.

Arobaini! Nani anawahesabu?

Nimemwambia asinunue kitu, aniachie mimi. Nimekwisha kuazima masanduku mawili ya fidla kwa mwalimu wa muziki wa mtaani. Hayana fidla ndani. Nitatia sandwichi.