Risiva ya Dakika Arobaini

Gizachew alimwona yule mama kabla mama hajaliona duka lake. Alimwona anavyotembea: polepole, mkoba umebanwa kwapani, macho yakiruka kutoka kasha hadi kasha. Mtu anayejua anachotaka hatazami hivyo. Gizachew akapangusa meza kwa kiwiko na kuvaa uso wa msiba, kwani aliamini kwamba mchuuzi anayetabasamu huombwa punguzo.

"Spika unazo, mama," akasema. "Sauti ndiyo huna."

Mama akasimama. "Nani kakwambia?"

"Uso wako."

Haikuhitaji utabiri. Kila aliyefika upande ule wa soko la Merkato alikuwa na shida hiyohiyo: televisheni mpya, nyembamba kama mkate wa injera, yenye sauti nyembamba kuliko yenyewe. Mama huyu aliitwa Yeshimebet, mwenye nyumba ya kahawa kule Gulele. Televisheni alikuwa nayo. Spika mbili kubwa za marehemu mumewe alikuwa nazo. Kilichokosekana ni risiva, lile kasha linaloichukua sauti ya televisheni na kuisukuma kwenye spika. Kwa kukosa kasha hilo, Jumapili mbili mfululizo wateja wake walivuka barabara kwenda kwa jirani, ambako mtangazaji wa mpira alisikika hadi chooni. Wakivuka na ya tatu, hawarudi tena. Na nyumba ya kahawa isiyo na watu ni jiko tu.

"Nataka ya bei nafuu," akasema. "Lakini nzuri."

"Unataka ng'ombe wa maziwa kwa bei ya kuku. Bahati yako, ng'ombe huyo ninaye. Mnyanyue."

Mjini kwetu hatununui risiva kwa masikio. Tunainyanyua. Nyepesi ni takataka, nzito ni mali. Aliyetufundisha hivyo hajulikani, ila wauza saruji hawana sababu ya kumlaani. Yeshimebet akanyanyua, akaguna, akaishusha. Taa za buluu zikawaka, na wimbo wa harusi ukajaa duka zima.

Yafaa niseme ukweli, kwa kuwa Gizachew hakuwa na desturi hiyo. Ndani ya kasha lile mlikuwa na nusu ndoo ya saruji, iliyosawazishwa kwa ustadi, na kibao cha redio ya mtoto. Wimbo ulitoka kwingine: nyuma ya pazia, waya umepita mguuni mwa meza, kulikuwa na risiva halisi ya Kijapani. Hiyo haikuuzwa. Ilikuwa chambo, na kwa miaka minne aliipenda kuliko alivyompenda mchumba wake. Mchumba aliligundua hilo, ndiyo maana sasa anaitwa wa zamani.

Kibao cha redio kiliweza kuzibeba spika kubwa kwa dakika arobaini, kisha kikapata joto na kuaga dunia. Mnunuzi aliporudi akifoka, Gizachew alishika kichwa. "Umeunganisha nyaya kinyume! Umeiua kwa mkono wako!" Kisha alimpa pole na kumuuzia nyingine. Wapo waliomshukuru.

"Elfu tisa," akasema.

Yeshimebet akaweka kiganja juu ya kasha, akafikiri. "Nitakupa birr elfu sita. Ila uje ufunge mwenyewe, na pesa utaipokea kwangu."

Gizachew akapiga hesabu. Kufunga, dakika kumi. Kusifiwa, dakika tano. Alisikia neno "pesa". Neno "kwangu" lilipita bila kusalimiwa.

Jumapili, saa saba mchana, akafunga. Spika za marehemu zilikohoa vumbi, kisha vikombe vikatetemeka rafuni. Majirani wakaingia mmojammoja. Gizachew akanyoosha mkono.

"Kaa, mwanangu," Yeshimebet akasema. "Naandaa kahawa."

"Mama, nina wateja wananingoja."

Kwenye kiti cha karibu na mlango aliketi Gashe Demissew, koplo mstaafu, mtu ambaye hakuwahi kusema jambo kwa kunong'ona. "Unatoka nyumba ya watu na kahawa iko jikoni? Ulilelewa na fisi?"

Gizachew akakaa.

Yeshimebet akaanza kuchambua kahawa mbichi, punje kwa punje. Akaiosha. Akaikaanga juu ya makaa, akaipitisha sufuria mbele ya kila pua ili moshi unuswe na usifiwe. Gizachew aliusifu moshi kabla haujamfikia. Dakika ya kumi na nane. Kahawa ikaingia kinuni. Dakika ya ishirini na tano. Ikaingia kwenye jebena, lile birika la udongo lisilojua haraka. Kikombe cha kwanza kilimfikia dakika ya thelathini na tatu, akakimeza chote kikiwa moto, machozi yakamtoka.

"Tamu sana. Naomba malipo yangu, nisikuchoshe."

"Kikombe cha kwanza ni cha ladha," mama akasema, akiongeza maji kwenye jebena. "Cha pili ni cha mazungumzo. Cha tatu ndicho baraka. Kwangu pesa haitoki kabla ya baraka."

"Basi tupunguze sauti kidogo, ili tuzungumze."

"Ongeza!" wakapiga kelele majirani. Mmoja wao akainuka na kuzungusha kitufe hadi mwisho.

Dakika ya thelathini na tisa mwimbaji wa televisheni akaanza kuimba kama mtu mwenye tonge mdomoni. Kisha akanyamaza. Uzi wa moshi ukapanda kutoka kwenye matundu ya kasha.

"Ubani huo?" akauliza bibi mmoja.

"Ubani wangu haunuki plastiki," Yeshimebet akasema.

Gizachew akashika kichwa. "Mmeunganisha nyaya..." Hapo maneno yaliyomlisha miaka minne yalifika menoni, yakakumbuka ni nani aliyeziunganisha. Yakarudi tumboni.

Gashe Demissew alishaichukua bisibisi kutoka kwenye mfuko wa Gizachew. Akafungua kifuniko, akachungulia, akagonga kwa kidole. "Mama Yeshi, amekuuzia nyumba. Imekosa bati tu."

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko spika. Yeshimebet peke yake hakucheka. Aliitazama saa ukutani: nane kasorobo. Mechi ilikuwa saa kumi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, na upole huo ulimtisha Gizachew kuliko bisibisi. "Dukani kwako nililigusa kasha lile likiimba. Lilikuwa baridi. Nimekaa miaka ishirini mbele ya makaa, najua kitu kinachofanya kazi hupata joto. Kilichokuwa kinaimba ni kipi?"

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua kipo. Sikujua umekificha wapi, na peke yangu usingenionyesha. Sasa nina mashahidi kumi na wanne. Kituo cha polisi ni karibu, duka lako ni mbali. Nani kati yetu anapenda kutembea?"

Gizachew akagundua kwamba anapenda sana kutembea.

Alikwenda na Gashe Demissew. Dukani, koplo akaufuata waya kwa kidole, kutoka mezani, mguuni, hadi nyuma ya pazia. Akainyanyua ile risiva ya Kijapani, akakunja uso.

"Mbona nyepesi?"

Moyo wa Gizachew ukaruka kwa furaha. "Umesema kweli, baba! Nyepesi, takataka tupu. Tuchukue moja ya hizi nzito."

Gashe Demissew akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Wewe ukiiita takataka," akasema, "basi ndiyo yenyewe." Akaikumbatia na kutoka.

Saa tisa na nusu ilikuwa imefungwa, na mtangazaji akasema "habari za mchana" kwa sauti iliyotikisa majani yaliyotandazwa sakafuni kwa heshima ya kahawa. Ng'ambo ya barabara watu walisimama mlangoni kwa jirani, wakasikiliza, kisha wakaanza kuvuka na vigoda vyao. Yeshimebet akamimina kikombe cha tatu. Gizachew akakinywa. Ndipo mama akafungua mkoba na kumpa birr elfu sita, kamili.

"Tulikubaliana hivyo. Mimi si mwizi."

Risiva ile ilikuwa na thamani mara kumi. Lakini macho yote yalimtazama, na kwetu kitu unachopewa na mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Akainama. Akapokea. Akaambiwa ashukuru, akashukuru. Nyumba nzima ikaitikia amina.

Watu walikuwa wamejaa hata ikambidi atoke kwa ubavu. Kwenye kona ya uchochoro, mwanamke aliyebeba kikapu cha vitunguu alisimama, akatega sikio kwa mshangao.

"Kaka, sauti nzuri hivyo inatoka kwenye risiva ya nani?"

Gizachew alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne ukatoka ukweli.

"Yangu."

Mwanamke alimtazama kuanzia viatu hadi machozi.

"Ingekuwa yako ungekuwa ndani," akasema, akahamishia kikapu chake upande wa pili. "Nipishe, tapeli wee."