Tufani 7 na Posa Yangu

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Siku ya ushindi! Kulthum amenunua. Ndiye anayehariri video za kupamba, sherehe ya kumremba biharusi, za nusu ya harusi za Kisauni, mambo ya wanawake peke yao, mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Alitaka kadi ya picha yenye nguvu, maana kompyuta yake inakwama kila biharusi akigeuza shingo. Nikamuuzia Tufani 7. Haipo duniani. Ni zile Upepo 3 zilizolala dukani kwangu miaka. Nimezipangusa vumbi na kuzibandika stika mpya yenye mwali wa moto. Akauliza Tufani 7 inaishinda Upepo 3 kwa kiasi gani. Nikamjibu kwa nne. Akacheka! Nimeamua. Napeleka posa.

Jumanne, 4 Novemba
Aqil, wa duka la ng'ambo ya barabara, ametundika bango: TUFANI 8 IMEFIKA. Nane! Mwizi mkubwa! Wateja wawili wamenipita bila hata salamu. Jioni nimebadilisha stika zote. Sasa ni Tufani 9.

Jumatano, 5 Novemba
Aqil ana Tufani 10. Labda yake ni mpya kweli? Nikamtuma Ishaka muuza mahamri akaninunulie moja, asiseme ni ya nani. Nikajifungia stoo, nikabandua. Chini ya Tufani 10, Tufani 8. Chini yake, Upepo 3, na kwenye kona tone la rangi ya kucha la dada yangu Mwanatabu, nililozibia mkwaruzo. Kadi yangu! Ile niliyomuuzia dalali wa Kiembeni mwezi wa tatu! Wallahi watu hawana haya. Mtu analalaje usingizi akidanganya wateja namna hii?
Nimeiweka kwenye rafu yangu. Tufani 11.

Alhamisi, 6 Novemba
Ami Mohdhar, ndugu wa babangu, amepeleka posa. Babake Kulthum amempokea vizuri, kahawa na halua, akasema binti ataulizwa mwenyewe, jawabu ni Jumapili. Halua! Mtu wa kukataliwa hapewi halua.

Jumamosi, 8 Novemba
Balaa. Kulthum kaleta kompyuta, skrini imezima, ndani mna video ya kupamba ya jana na mamake biharusi anaitaka leo. Kwa Aqil haiwezi kufunguliwa, kwangu pia haiwezi, sote wanaume. Nikasema hakuna tabu, nitatengeneza bila kutazama. Nikamwita Mwanatabu, skrini ikageuziwa yeye na Kulthum. Dada ananisomea maandishi, mimi nimechuchumaa nyuma ya mashine, uso ukutani. Picha ikarudi! Nikamuuliza dada imeandika nini. Akasema gauni la kijani limempendeza. Nikauliza tena. Akasema hina ile imepakwa na mtu anayejua kazi yake. Dakika kumi nzima! Huku feni ya kadi imesimama na mimi naungua vidole. Gundi ikayeyuka. Stika ikateleza, ikaangukia miguuni pa Kulthum. Akaiokota, akaja nyuma, akasoma kilichobaki kwenye kadi: Upepo 3, na mwaka wake, 2014.
Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema tu kwamba Mungu anamuona kila mtu, akabeba kompyuta yake, akaenda kwa Safa, fundi wa kike aliyefungua duka Junda.

Jumapili, 9 Novemba
Ami Mohdhar amerudi na jawabu, hataki kuniangalia usoni. Anasema Kulthum aliuliza mambo mawili: huyu bwana ni wa mwaka gani, na je, amewahi kupelekwa kwa watu wengine kwa jina jingine. Kisha akasema hapana. Halua haikutoka.
Nimelia. Nimelia kweli, stoo, nimekalia boksi la stika. Nilikuwa nampenda yule mwanamke.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimeamka na akili safi. Nimeliona kosa langu! Posa haikuwa na ubaya wowote, ni sura yake tu. Nimenyoa ndevu. Nimenunua kofia mpya ya viua. Kwenye bango la duka nimeandika jina langu kwa rangi nyekundu: MAHFUDH MPYA. Alhamisi anakwenda ami yangu wa Likoni, ambaye Kisauni hawamjui. Posa ni ileile.
Nimemwambia wakimuuliza huyu anamshinda yule wa kwanza kwa kiasi gani, ajibu kwa nne.