Gesti ya Hedwiga na Mgeni Asiyefuta Miguu

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Ottilia, funga mdomo! Nyumba ni yangu. Ukuta ni wangu. Chokaa nimechanganya mwenyewe, neno nimeandika mwenyewe kwa mkaa, na mjukuu wangu Serafina akapitisha rangi juu yake: GESTI. Herufi kubwa, hata mtu aliye melini anasoma. Nimesoma elimu ya watu wazima mimi, si kama wengine waliokwenda kule kusinzia.

Huyu Ottilia ni wifi yangu, Mungu anisaidie. Asubuhi alisimama uani, mikono kiunoni, akasema chumba cha mbele ni cha kaka yake Edmund, humo hawalazwi wapita njia. Nikamwuliza Edmund yuko wapi. Akasema ziwani. Nikamwambia yuko ng'ambo, kwa Wamalawi, kifuani kwa mwanamke mnene. Ndivyo nilivyosema mwaka ule mtumbwi wake uliporudi wenyewe bila mtu, na ndivyo nitakavyosema mpaka nife. Silii mume aliyenikimbia. Sikunyoa nywele. Sikuwaruhusu wakate mgomba wazike badala ya mwili, kama ukoo wa mume wangu unavyomfanyia mtu aliyechukuliwa na maji. Mgomba! Nipige magoti nililie mgomba?

"Basi hana kaburi," Ottilia akasema. "Asiye na kaburi hajui alale wapi."

Alale kwa huyo mnene. Siku hizi ni ruksa, kila mtu na biashara yake. Wanunuzi wa kahawa wanashuka toka Mbinga na magari kutafuta samaki. Wanalala wapi? Kwenye banda la Ottilia, lenye kunguni wakongwe kuliko yeye. Kumbe ndicho kinachomuuma! Si kaka. Kunguni watakosa chakula.

Jumanne, 3 Septemba

Siku ya meli. Nikapata akili.

Kwetu Mkumbi, milimani, ukitaka watu unapanda kilimani unaita, na wa ng'ambo ya bonde wanaitika. Nikapanda mwamba pale ufukweni, nikageukia maji, nikaita kwa sauti niliyozaliwa nayo: Karibuni gesti! Karibuni wote! Wa karibu na wa mbali, kitanda kipo!

Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakainuka. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliacha sufuria yake ndani ya maji akaondoka bila kugeuka. Ottilia akaja mbio, akanivuta kanga, akasema huku ziwani mtu haitwi juu ya maji bila jina. Unasema karibu fulani. Ukisema wote, wote wataitika.

Wivu mtupu.

Meli yenyewe ilipita mbali, haikutia nanga. Upepo ukakatika. Ndipo nikasikia "ee" moja tu, kutoka kwenye maji, kama mtu anayeitika chakula kikiwa mdomoni. Mwangwi. Sisi wa milimani mwangwi tunaujua. Ila wa kwetu hurudisha maneno yako, hausemi ya kwake.

Jumatano, 4 Septemba

Mgeni wa kwanza! Vitalis, mnunuzi wa kahawa, kijana wa Mkumbi hasa, ametoa shikamoo kabla ya kushuka garini. Nikampa chumba cha mbele na samaki mzima wa kuchoma, mbasa wa ziwa letu. Akatazama ukuta, akasema bibi, mjini hilo neno wameanza kuliandika kwa Kiingereza kamili. Unajua lilikotoka?

Sikujua. Nikasema najua. Yeye akala nusu, akajilaza. Mimi nikaenda haraka kwa Mwalimu Cuthbert, mstaafu, aliyesomeshwa na Wazungu wa misheni mpaka mvi zake zinanuka vitabu.

Mwalimu akafurahi, maskini, hakuna anayemwuliza kitu siku hizi. Akasema neno hilo ni la zamani kuliko Waingereza wenyewe. Lilikuwa na maana ya mtu wa nje, usiyemjua, anayesimama mlangoni. Kwa taifa moja likawa mgeni, wampe chakula. Kwa Warumi wa kale neno la ukoo huohuo likawa adui, wamchome mkuki. Na jina la Kiingereza la mwenye nyumba, anayefungua mlango, nalo limetoka tumbo hilohilo.

Nikamwuliza ni watu gani hao walioshindwa kuamua.

Akasema hawakushindwa. Mlango unapofunguliwa, wote wawili wanaogopana, na hakuna anayejua bado nani ni nani.

Nikamwambia kwetu mgeni ni mgeni, anakula, analala, anaondoka. Na ndio hao waliotutawala! Akanisindikiza hadi barazani, akauliza polepole kama ni kweli nimemwita kila mtu pale mwambani. Nikashika njia. Mtu akistaafu huwa mbea.

Kurudi, namkuta Vitalis njiani, shati ndani nje, kiatu kimoja mkononi. Mchana kweupe! Anasema aliamka akakuta mwanamume amekaa ukingoni mwa kitanda, amempa mgongo, maji yanamchuruzika, anakula ile nusu ya mbasa. Mpole sana, anasema. Alimwuliza Vitalis nani kakukaribisha. Vitalis akasema bibi.

"Hata mimi," mtu yule akasema.

Nikaingia chumbani. Hakuna mtu. Blanketi limekunjwa mara nne, limelowa. Na dirishani, miiba ya mbasa imepangwa mstari kama meno ya kitana, kichwa cha samaki kinatazama ziwa.

Edmund alikuwa anafanya hivyo. Nilimgombeza miaka yote ya ndoa.

Nani mwingine anayejua tabia hiyo? Dada yake! Ottilia, nimekukamata.

Alhamisi, 5 Septemba

Mtego. Nimemwaga majivu kutoka mlangoni hadi kitandani, nimeyalainisha kwa ufagio. Ottilia akiingia kunichafulia gesti, nyayo zitasema.

Siku mbaya. Usubi umesimama juu ya ziwa kama moshi, nguzo moja ndefu, hausogei. Kuku hawajatoka bandani. Serafina anakataa kufagia chumba cha mbele, anasema kuna mtu anakohoa kwa adabu. Nikamwambia hata panya hukohoa. Akaniuliza panya gani husema samahani.

Ijumaa, 6 Septemba

Alfajiri nimekwenda kusoma majivu.

Nyayo zipo. Zimetoka majini, zimepita mchangani, zimeingia mlangoni, zimefika kitandani. Za kutoka hakuna. Mguu wa kushoto hauna kidole kidogo. Edmund alikikata kwa shoka akichonga mtumbwi, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa huku namtukana.

Kazi ya ustadi. Hongera, Ottilia!

Nikamfuata nyumbani kwake na sahani ya majivu, nikamwamuru akanyage mbele ya majirani. Akakanyaga. Vidole vyote vipo, vimepasuka kama gome la mti, lakini vipo. Nikasema kanyaga tena, kunja kimoja. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akashika goti langu akalia.

"Wifi, mpe kaburi. Ni neno moja tu. Wewe ndiye mke, usiposema hatuwezi kuzika. Amechoka kulowa."

Nikamwambia afukuze kunguni kwanza. Lakini sahani yangu niliisahau kwake, sijui kwa nini. Uzee.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nimewakuta uani. Ottilia na panga na koleo. Mgomba umeshakatwa, umevikwa shati la zamani la Edmund, la michirizi. Shimo tayari, nyuma ya mhogo wangu! Mwalimu Cuthbert kavua kofia. Wanangoja mimi niseme Edmund amekufa, wafukie, naye alale.

Nikasema subirini. Nikaingia chumba cha mbele, nikafunga mlango.

Kitanda kilikuwa kitupu na kikavu. Nikakaa. Nikasema, haya, nijibu. Miaka yote hiyo, ulikuwa kwa yule mnene?

Godoro likabonyea kando yangu, taratibu, kama mtu mzito anayeogopa makelele ya mkewe. Bega langu likalowa. Nikanusa. Matope. Majani ya ziwani. Mbasa. Nikanusa tena kwa makini, maana mimi si mjinga.

Hakuna harufu ya mwanamke.

Hakwenda popote! Wala hakunikimbia. Alikuwa hapohapo mbele ya nyumba, chini ya maji, mimi namtukana kila asubuhi nikiteka ndoo. Nilikaa mpaka kanga yote ikalowa upande mmoja. Nililia kidogo. Vumbi la chokaa lile.

Nikatoka. Ottilia akainua koleo. Nikawatangazia kwamba Edmund hakunikimbia, kila mtu asikie, hasa waliosema nilimkimbiza kwa kelele. Ottilia akasema ndiyo, wifi, sasa sema amekufa. Nikamwambia nitamzikaje mtu aliyerudi nyumbani? Fukieni shimo, mnaharibu mhogo.

Ottilia aliketi chini pale pale na koleo lake. Mwalimu akaniuliza kwa sauti ndogo, sasa humo ndani nani mwenye nyumba na nani mgeni. Nikamwambia aende akawaulize Waingereza wake.

Vyumba viwili bado vitupu. Kesho kutwa meli inapita tena, nami nitapanda mwambani niite kwa sauti zaidi. Wote.

Serafina! Mgomba wape mbuzi, lakini shati lile lifue ulianike. Weka bakuli la maji mlangoni, mbasa mezani, na gunia chini. Na wewe Edmund, futa miguu kabla ya kuingia!