Dirisha la Kuingilia Ofisini

Jumapili, tarehe 3 Machi

Mama mkwe amewasili. Atakaa wiki moja. Mabegi mawili, kinu cha kutwangia viungo, na sauti inayofika mtaa wa pili bila kutumwa. Nampenda. Naliandika hili mapema ili nisije nikasingiziwa.

Lakini wiki ndiyo hii tu aliyoiona? Kazi yangu ni kupokea simu za watu walionunua mashine za kufulia na sasa wanajuta. Naifanyia nyumbani, kwenye meza ya chakula, hedifoni kichwani. Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Msimamizi ameniandikia kwamba kuanzia kesho atakuwa anaingia kwenye simu zangu bila hodi, asikilize. Nikifaulu, nathibitishwa na nabaki nyumbani. Nikishindwa, nahamishiwa ofisini, upande wa pili wa mji.

Na nikihamishwa, nani atamchukua binti yetu chekechea? Ana miaka minne. Tunamwita Kasuku kwa sababu kila anachosikia hukirudia. Hatuna mtu mwingine. Mke wangu ndiyo kwanza amepewa kusimamia zamu kwenye kiwanda cha mikate, baada ya miaka mingi ya kuungua mikono kwenye majiko. Koti lake jipya jeupe limetundikwa nyuma ya mlango. Nikienda ofisini, itabidi yeye aache. Kila akipita hapo huinyoosha kola.

Kuna pia siri ndogo. Chekechea hufungwa saa sita. Mapumziko yangu ni saa saba. Kwa hiyo kila mchana naenda kumchukua Kasuku huku napokea wateja barabarani, kinyume cha masharti yote. Wakiuliza kelele zile ni za nini, nawaambia tunajaribu mashine mpya. Pikipiki nayo ni mashine.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku ya kusahau. Mteja wa kwanza alipopiga tu, mama mkwe akavuta kiti, akaketi ubavuni mwangu na kunitazama kwa huruma. Nikamwonyesha kidole, kwa maana ya subiri kidogo. Yeye akaelewa kwamba namkaribisha. Akainamia maikrofoni, akamsalimia mteja, akamuuliza hali ya nyumbani. Mteja akajibu. Wakaulizana watoto wangapi, wa kike wangapi, nani kaolewa. Mashine haikutajwa tena.

Baadaye akanituma chumvi. Kisha akanituma nikamwite fundi bomba, maana, alisema, mwanangu, leo huna shughuli. Nikiwa na mteja wa nne akaanza kutwanga.

Jioni mke wangu akaniambia, huku akijizuia kucheka, kwamba mama kamuuliza kwa siri nimefukuzwa kazi tangu lini. Tena kamwonya asinisimange. Kwani mwanamume mwenye kazi anashinda na ndala? Amtazame yule wa juu.

Yule wa juu ni Bwana Kiti. Naye hufanyia kazi nyumbani, huchora ramani za majengo kwa kompyuta. Tofauti yetu ni moja: yeye ana kiti cha kuzunguka. Kwa sababu ya kiti hicho wapangaji wote wanaamini anafanya kazi. Mimi, mwenye kigoda, ndiye ninayeitwa kumfungulia msoma mita.

Mke wangu akasema jambo ni dogo, nimwambie mama kwamba niko kazini na naomba utulivu. Nikamweleza kwamba mkwe haambiwi anyamaze. Akasema basi atamwambia yeye. Nikakataa. Nimwache mke anitetee kwa mama yake kana kwamba mimi ndiye Kasuku? Nikamwambia aniachie, nina mpango.

Akasema hilo neno ndilo analoliogopa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango umefanya kazi. Nimetoka mlango wa mbele asubuhi nikiwa na suti ya harusi, tai na mkoba (ndani: ndala). Mama mkwe alinisindikiza hadi getini, akaniombea dua njema, akaangalia juu kwa Bwana Kiti kuhakikisha naye kaona.

Nikazunguka nyumba. Nikapita chini ya kamba za kuanikia, katikati ya mashuka ya watu, hadi dirisha la chumba chetu. Tunakaa chini, na nondo za dirisha hilo hufunguka kama mlango mdogo, zina kufuli kwa nje. Nikafungua, nikaingia mguu wa kulia, nikatia komeo mlango wa chumba kwa ndani. Kompyuta nikaiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Ofisi tayari.

Kimya kizuri ajabu. Kinu kinasikika kwa mbali kama moyo wa mtu mwingine. Nilihudumia wateja kwa sauti ya chini, ya kistaarabu. Mmoja alisema nazungumza kama daktari.

Saa sita nikatoka dirishani, nikamchukua Kasuku, nikamleta kwa mlango wa mbele. Nikamwambia mama mkwe ofisi imeniruhusu mara moja. Akasisitiza ninywe chai kwanza. Nikanywa nimesimama, mteja akinisubiri mfukoni. Kisha nikarudi "ofisini" kwa njia ileile.

Jioni niliingia kwa mlango kama mtu. Mama mkwe akanipokea mkoba na kusema, "Pole na kazi, baba." Akanipakulia chakula mimi kwanza.

Miezi mitatu nimefanya kazi ndani ya nyumba hii na hakuna aliyewahi kuniambia pole na kazi. Kwani nani angeniambia? Sikutoka popote.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Dosari ndogo ndogo. Choo kiko ukumbini. Hili sikulipangia. Nikilazimika, inabidi nitoke dirishani, nizunguke, nigonge mlango wa mbele na kusema nimesahau kitu. Mara ya kwanza nilisahau kalamu. Ya pili, mwavuli, na jua linawaka. Ya tatu mama mkwe alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba usahaulifu wa namna hii ndio uliomfukuzisha kazi shemeji yake.

Suruali imechanika kwenye nondo. Nimeacha kunywa chai.

Wakati wa chakula cha usiku Kasuku akatangaza kwamba baba yuko chumbani anaongea na mashine. Sote tukaacha kutafuna. Mama mkwe akampakata, akasema mtoto kammisi baba yake, ndiyo maana anamsikia kila mahali. Nikainama. Mke wangu akaitazama sahani yake kwa muda mrefu sana.

Chumbani akaniuliza nitafanya hivi mpaka lini. Nikamwambia ni siku mbili tu zimebaki. Akasema mtu mzima kupanda dirisha la kwake, mchana kweupe. Kisha akachukua sindano na kunishonea suruali. Mwanamke kama huyu sitampata mwingine.

Alhamisi, tarehe 7 Machi



Saa tano na nusu, nilipokuwa narudi kutoka chooni, Bwana Kiti, ambaye inaonekana hana kazi nyingi kama anavyodai, alikuwa dirishani kwake akaona mguu wa mwanamume ukiingia kwenye chumba changu. Mguu tu. Akashuka mbio kumwarifu mama mkwe kwamba kuna mwizi. Mwanamke mwingine angepiga kelele. Yeye hakupiga. Alinyata hadi uani, akarudisha nondo, akabana kufuli na kuchukua ufunguo niliokuwa nimeuacha ukining'inia. Akaingia ndani, akazungusha ufunguo wa mlango wa chumba kwa nje. Yote hayo mimi nina hedifoni, namwelekeza mama mmoja kwa nini mashine yake inatembea jikoni.

Niligundua ilipokaribia saa sita. Nikavaa viatu na soksi moja, ya pili haikuonekana, nikaenda dirishani. Limefungwa. Nikatoa komeo la mlango. Umefungwa. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma ya ubao: tulia humo humo, wewe, hukujua leo umeingia nyumba ya nani, na huyu bwana hapa ameshika nyundo. Bwana Kiti akathibitisha kwamba ameishika, ingawa kwa sauti ya mtu ambaye angependa kuirudisha.

Mtu mwenye akili angesema ni mimi. Mimi nikampigia simu.

Ikalia hapo ukumbini. Akapokea. Nikanong'ona kwamba leo kuna kikao ofisini, je, anaweza kumchukua Kasuku, nitamwelekeza njia. Akasema ofisi iache, mwanangu, njoo upesi, tumemkamata mwizi chumbani kwako. Tena, akasema, huyu mwizi hana haya, yumo ndani anapiga simu. Akaniambia niongeze sauti, hanisikii vizuri. Nikaongeza kidogo. Akaondoa simu sikioni, akasogeza kichwa mlangoni. Akairudisha sikioni. Nilimsikia akipumua kotekote.

Akaniambia, polepole, kwamba sauti yangu inatoka sehemu mbili.

Nikakiri. Mama, ni mimi. Akasema wezi wa siku hizi wanaweza kuiga sauti ya yeyote, na kama kweli ni mkwe wake, aseme siku alipokuja kuposa alivunja nini. Nikajibu: birika, mama. Na sahani mbili. Na meza sikuisukuma mimi, ni mjomba. Nilimsikia akimwambia Bwana Kiti, "Ndiye. Hiyo ya mjomba anaisema mpaka leo."

Alikuwa anatafuta ufunguo kwenye mikunjo ya kanga wakati nilipotupia macho kompyuta. Simu ya yule mteja ilikuwa hewani. Sikuwa nimezima sauti. Mteja alikuwa anacheka kwa kwikwi za mtu aliyejizuia muda mrefu. Kisha sauti ya pili ikakohoa. Msimamizi. Akauliza, kaka, kwani uko wapi?

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Lakini saa ilikuwa imeshapita saa sita kitambo, na nilichokiona ni geti la chekechea na mtoto wangu amekaa peke yake. Nikasema: mtoto wangu ananisubiri na nimefungiwa chumbani. Ukweli wote, nikatambua baadaye. Ulinitoka kama chafya.

Msimamizi akasema nenda, huyu mteja nitammalizia mimi.

Nikakimbia na suti na soksi moja. Watoto wote walikuwa wameshaondoka. Kasuku alikuwa amekaa kwenye ngazi na mwalimu wake, begi limepakatwa, hajafungua hata kipande cha mkate alichobakiza. Hakulia. Aliniuliza tu kama leo nilisahau, kama nilivyosahau mwavuli. Nimembeba njia nzima, ingawa ni mzito sasa na hapendi tena kubebwa. Leo hakukataa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sikulala. Asubuhi nilikaa meza ya chakula, kigoda changu, ndala zangu. Hakukuwa na kinu. Mama mkwe alikuwa amekibeba hadi nyumba ya tatu, anatwanga huko kwa watu asiowajua.

Msimamizi alipiga saa nne. Mke wangu, aliyeomba kuchelewa kazini, alisimama karibu na mlango akiwa ameshika mkono wa lile koti jeupe bila kujua.

Nimethibitishwa. Yule mteja aliwapigia tena kwa hiari yake kusema kwamba hata katikati ya ujambazi nilimweleza vizuri jinsi ya kusawazisha miguu ya mashine, na sasa imetulia. Lakini Msimamizi hakuniachia hivihivi. Pikipiki, alisema, amezisikia tangu mwezi wa kwanza, na alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Kupokea wateja barabarani kumekwisha. Kisha akaniuliza kwa nini sikuomba mapumziko yahamishiwe saa sita. Kuna mwenzangu anayeanza alfajiri kwa sababu ya baba yake mgonjwa. Mwingine hugawa siku yake mara mbili. Ndiyo maana ya kazi ya nyumbani, kaka, ratiba inakunjika, sema tu unataka ikunjwe wapi. Akabonyeza kitu. Saa sita. Imekwisha.

Imekwisha, kirahisi hivyo. Nimeona hata aibu.

Mke wangu akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akaenda kazini. Mama mkwe akaniambia jambo moja tu: mwanangu, ungeniambia uko kazini, ningenyamaza, kwani mimi ni ng'oma? Tangu hapo amekaa ukumbini kama askari. Mchana alipanda juu kumwonya Bwana Kiti kwamba kiti chake kinakoroma na huku chini kuna mtu anafanya kazi.

Nimeliandika hapa kwa wino ili nisilisahau: kuanzia leo, jambo likinisumbua, nalisema.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mama mkwe anaondoka leo. Sitaki aondoke. Nyumba haijawahi kuwa na utulivu kama huu, wateja wamenisifu, na jana Kasuku alilala kwenye mapaja yake huku akimrudishia hadithi neno kwa neno. Mke wangu pia hataki, naona anavyozipanga nguo za mama yake begini taratibu kama anayepanga mayai. Akaniambia niende tu nimwambie, mama, kaa nasi mwezi mmoja. Atafurahi. Maneno matano, hayaumi.

Nikasema naam, naenda sasa hivi.

Nikaenda. Alikuwa amekaa juu ya begi, tayari na viatu. Nikafungua mdomo. Nikamwambia mabasi yamegoma.

Akauliza yote? Nikasema yote, na mgomo huenda ukachukua mwezi. Alivua viatu haraka kuliko nilivyotarajia, akafungua begi, akaanza kutundika nguo.

Tatizo ni moja tu. Ana redio ndogo ya betri, na husikiliza habari za asubuhi bila kukosa. Kesho kabla hajaamka nitaondoa betri. Akiniuliza, Kasuku ndiye aliyezichezea. Nimeshamfundisha la kusema.